Maradhi ya Tumbo ya Virusi na Rai Zinazoshindana Bunia

Wingi wa majina

Mtoto anapohara na kutapika katika mji wa Bunia, ulio makao makuu ya jimbo la Ituri, majina ya ugonjwa humfikia kabla ya dawa: huyu husema ni kolera iliyopanda kutoka Kasenyi na Tchomia, kwenye fuo za Ziwa Albert, yule husema ni tifoidi, wa tatu, aliyewahi kuugua mwenyewe, huapa kwamba ni amiba, bibi hutazama ufizi wa mjukuu wake akanena kuwa ni meno, na jirani, kwa sauti ya chini, hutaja sumu. Tangu mwaka 2018 liliongezeka jina jingine lenye kutisha kupita yote, maana balaa la Ebola lililotangazwa mashariki ya Kongo tarehe 1 Agosti mwaka huo na kukoma tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287 miongoni mwao, huanza kama yaanzavyo maradhi mengi ya tumbo, kwa homa, kutapika na kuhara, na wazazi wengi wa Mambasa, Komanda na Bunia penyewe walijifunza katika miaka ile kuuogopa mlango wa kituo cha afya kuliko ugonjwa wenyewe.

Katika orodha hiyo ndefu jina moja halitajwi ila kwa nadra, ilhali ndilo lenye haki ya kutajwa mapema kila mgonjwa awapo mtoto wa chini ya miaka miwili, nalo ni virusi vya tumbo. Makadirio ya mwaka 2013 yaliwahesabu watoto wapatao 215,000 wa chini ya miaka mitano waliouawa duniani na kirusi kimoja tu, kiitwacho rotavirusi, na takriban nusu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi nne, ambazo ni Uhindi, Nigeria, Pakistan na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Makusudi ya makala haya ni kuzipima rai hizo kwa insafu, kwa kuwa hakuna hata moja iliyozuka bila sababu. Lakini yafaa msomaji azingatie tangu mwanzo kwamba maswali mawili huchanganywa humu, la kwanza ni nini kimemshika mtoto, na la pili ni nini afanyiwe, na kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokana na kungoja jibu la swali la kwanza ndipo la pili lianze kujibiwa.

Virusi vyenyewe na kazi yao

Hata miaka ya 1960 ilipokuwa ikimalizika, matabibu walikuwa hawajui kisababishi cha sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto, kwani walipopima kinyesi hawakuona bakteria wala mnyoo, na wakaandika katika madaftari yao kwamba sababu haikupatikana. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa shule moja ya mji wa Norwalk, katika jimbo la Ohio huko Marekani, walishikwa kwa pamoja na kutapika, na mwaka 1972 mtaalamu Albert Kapikian alikiona kwa hadubini ya elektroni kirusi kilichowapata, kile ambacho leo huitwa norovirusi. Mwaka uliofuata, 1973, Ruth Bishop na wenzake katika hospitali ya watoto ya Melbourne, Australia, walichunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara wakaiona rotavirusi. Baada ya hizo zilitambuliwa astrovirusi na aina mbili za adenovirusi, lakini mbili za mwanzo ndizo zenye uzito mkubwa katika mjadala huu.

Utumbo mwembamba umefunikwa ndani na vinyweleo vidogo mno, mfano wa manyoya ya zulia, na kwenye ncha za vinyweleo hivyo ndiko chakula na maji hufyonzwa kuingia mwilini. Rotavirusi huingia katika chembe za ncha hizo na kuziharibu, na kwa muda huo huo hutoa protini inayoushurutisha utumbo kumwaga maji badala ya kuyafyonza. Ndiyo maana mtoto hutapika kwanza, kwa kawaida siku mbili hivi tangu kuambukizwa, kisha hushikwa na homa na kuhara maji matupu kwa siku tatu hadi nane. Chembe za shinani mwa vinyweleo aghalabu husalimika, nazo huzaa chembe mpya mpaka utumbo ukapona wenyewe. Kwa hiyo kirusi hakimwui mtoto kwa sumu iliyokaa mwilini mwake, bali kwa kumkausha kabla hajafikia siku ya kupona. Msomaji aliweke neno hilo moyoni, kwa sababu karibu kila hitilafu itakayotajwa hapa chini hutokana na kulisahau.

Jambo la pili la kuzingatia ni njia ya kuenea. Kinyesi cha mtoto mgonjwa hubeba virusi kwa mabilioni, na chembe chache tu, pengine chini ya mia moja, zatosha kumwambukiza mwingine. Navyo hukaa siku nyingi juu ya mkeka, kikombe, kitasa cha mlango na nguo iliyotumika kumpangusia mtoto. Norovirusi, fauka ya hayo, hurushwa hewani pamoja na matone ya matapishi, na haizuiliki vyema kwa dawa ya mikono yenye spiriti, ile iliyozoeleka wakati wa Ebola na wakati wa korona. Sabuni na maji yatiririkayo huifaa zaidi mikono, na klorini huifaa sakafu.

Wanaopatwa na wanaokufa

Wapo wasemao kwamba maradhi haya ni ya maskini na ya wachafu, na wapo wasemao kwamba humpata kila mtu. Rai zote mbili zina ukweli, mradi mtu atenganishe kuugua na kufa. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto wa dunia, wa ikulu na wa kambi, alikuwa amekwisha kuambukizwa rotavirusi kabla ya kutimiza miaka mitano, na huko Marekani, pamoja na mabomba yake na vyoo vyake, watoto kati ya 55,000 na 70,000 walilazwa hospitalini kila mwaka kwa sababu yake. Walilazwa kwa maelfu, lakini waliokufa walikuwa wachache mno.

Umri wa hatari ni kati ya miezi sita na miaka miwili. Kabla ya hapo mtoto hulindwa kwa sehemu na kinga aliyorithi kwa mama na kwa maziwa anayonyonya. Baada ya hapo hulindwa na maambukizo aliyokwisha kuyapitia. Uchunguzi uliofanywa juu ya watoto wachanga 200 nchini Mexico na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mtoto aliyekwisha kuambukizwa mara mbili hakupatwa tena na kuhara kwa rotavirusi kwenye ukali wa kati wala ukali mkubwa. Hapo ndipo inapobainika kwa nini mama mlezi huonekana mzima hali mwanawe amelegea, na kwa nini neno la wazee, kwamba sisi sote tulihara utotoni tukapona, halina nguvu ya hoja: wasemao hivyo ni wale waliopona, na waliokufa hawapo kusema.

Norovirusi haina adabu hiyo ya umri. Aina zake ni nyingi na kinga yake haidumu, basi humrudia mtu mzima mara kwa mara na kuenea upesi mahali popote watu wanapobanana, kama gereza, bweni la shule, wodi ya hospitali, na hema za wakimbizi. Jimbo la Ituri lina watu zaidi ya milioni moja waliohamishwa na vita, na sehemu yao wamo ndani ya mji wa Bunia wenyewe, katika kambi kama ya Kigonze, ambako turubai hugusana na turubai na choo kimoja hutumiwa na jamaa nyingi. Mtu mzima mwenye afya hutapika siku moja hadi tatu akainuka. Mzee, mtu mwenye upungufu wa kinga, na mtoto aliyedhoofishwa na utapiamlo huweza asiinuke.

Juu ya yote hayo lipo jambo ambalo si la elimu ya virusi hata kidogo, nalo ni masafa. Mtoto wa rotavirusi huweza kunyonya asubuhi na kuwa hoi usiku, na tofauti ya kuishi na kufa huwa ni saa alizochukua mlezi wake kumfikisha penye msaada. Katika maeneo ya Djugu na Irumu, ambako mashambulizi ya wanamgambo wa CODECO na ya makundi mengine yamezifunga barabara mara nyingi, katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, hakuna mama awezaye kuahidiwa kwamba njia ya hospitali itakuwa wazi saa mtoto wake atakapoihitaji. Msaada usiokuwamo ndani ya nyumba yake, kwa wengi wao, haumo mahali popote.

Rai ya kolera na Ebola

Wanaoanza kwa hofu ya kolera wana sababu. Kolera imeweka makazi katika maziwa ya mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1970, na wavuvi na wachuuzi wa Ziwa Albert huijua kwa majina ya jamaa walizozika. Tena tofauti yake na virusi si ya kupuuzwa: kolera hupiga watu wazima kwa nguvu ile ile ipigayo watoto, hutoa kinyesi kama maji ya mchele pasipo homa kubwa, na huweza kumwua mtu mwenye nguvu zake kwa saa chache. Wakiugua watu wazima kadhaa wa mtaa mmoja kwa mara moja, haki ni kupiga mbiu kwa mganga mkuu wa zoni ya afya bila kukawia. Kadhalika Ebola: mgonjwa mwenye homa aliyemuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa maradhi yasiyojulikana hana budi kuchunguzwa, na wahudumu wanaouliza habari hizo mlangoni wasilaumiwe.

Udhaifu wa rai hii ni kwamba hofu ikikosa kipimo hugeuka kuwa kinyume cha tahadhari. Mtoto mmoja wa miezi kumi aliyeanza kutapika jana, hali watu wazima wote wa nyumbani ni wazima, kwa uwezekano mkubwa ana kirusi cha kawaida, na mzazi anayemficha ndani kwa kuchelea karantini humnyima maji wakati ule ule anapoyahitaji.

Rai ya dawa za kuua vijidudu

Hakuna rai yenye wafuasi wengi Bunia kuliko hii, na duka la dawa liko karibu kuliko kituo cha afya. Mzazi hutoka na vidonge vya Flagyl kwa ajili ya amiba, au na antibiotiki kwa ajili ya tifoidi, na pengine huwa amepewa kwanza cheti cha kipimo cha Widal kinachosema kwamba tifoidi imeonekana. Kipimo hicho, kilichobuniwa mwaka 1896, hutafuta alama za kinga katika damu wala si bakteria wenyewe, basi katika nchi ambayo watu wengi wamekwisha kukutana na tifoidi au na vijidudu vya jamaa yake, huweza kumtangaza kuwa mgonjwa mtu asiye nao kabisa siku hiyo.

Nguvu ya rai hii ni kwamba iko pale inapostahili: kinyesi chenye damu, ambacho kwa watoto mara nyingi ni shigela, huhitaji antibiotiki, na kolera kali hufupishwa nayo. Utafiti mkubwa wa nchi saba za Afrika na Asia uliochapishwa mwaka 2013, ambao mojawapo ya vituo vyake ilikuwa magharibi ya Kenya, uliiweka shigela miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Lakini utafiti huo huo uliiweka rotavirusi mbele ya vyote kwa watoto wa mwaka wa kwanza, na hakuna antibiotiki wala dawa ya amiba inayokigusa kirusi.

Kwa nini basi watu hushuhudia kwamba dawa hizo huponya? Kwa sababu kuhara kwa virusi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na dawa iliyotolewa siku ya tatu au ya nne hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Ushahidi wa namna hii ni mgumu kuupinga kwa maneno, kwa kuwa shahidi ameona kwa macho yake mtoto akipona. Wakati huo huo fedha iliyonunua vidonge haikununua chumvi za maji, bakteria wema wa utumbo wameuawa pamoja na wasio wema, na vijidudu vya mjini vimezidi kuizoea dawa ambayo kesho itahitajika kwa damu ya kweli. Serumu nayo ina hukumu kama hiyo: mtoto asiyeweza kunywa au aliyepoteza fahamu haokolewi ila kwa sindano ya mshipani, lakini kwa mtoto awezaye kumeza, kikombe hufanya kazi ile ile bila gharama na bila hatari ya sindano.

Rai ya meno na ya sumu

Kuhusu meno hapana haja ya maneno mengi. Jino la kwanza hutokea karibu na mwezi wa sita, na mwezi wa sita ndio mtoto huanza uji, hutambaa, hutia kila kitu kinywani, na huanza kupungukiwa na kinga ya mama. Mambo haya hukutana kwa wakati mmoja, na macho ya binadamu hulichagua lile linaloonekana. Kosa hili lingekuwa dogo kama lisingeua. Nchini Tanzania, tangu miaka ya 1980, watoto wenye homa na kuhara walichimbuliwa ufizi kutolewa kile kilichoitwa meno ya plastiki, ambacho ni kichipukizi cha jino la chonge lisilotoka bado, na Uganda jirani na Ituri ina desturi ya namna hiyo. Waliotokwa damu nyingi au kuoza ufizi walikuwa wamekwisha kukaushwa na kuhara kabla ya kisu kuwafikia.

Sumu ni shutuma inayoanza katika nyumba ya mgonjwa na kuishia katika uadui wa nyumba mbili. Katika jimbo ambalo majirani walichinjana kati ya 1999 na 2003, na ambalo bado halijatulia, kumtaja jirani kuwa mtia sumu kwa sababu ya tumbo la kuhara ni jambo zito mno kufanywa bila uchunguzi. Familia nzima kutapika usiku mmoja baada ya kula karamu moja ndiyo sura halisi ya norovirusi, iliyoletwa na mikono ya mpishi aliyeugua siku chache zilizopita, naye pengine hakujua.

Rai ya maji safi

Wahandisi, mashirika ya misaada na wenyeji wenye kuona mbali husema kwamba yote haya ni maneno ya pembeni, na kwamba Bunia ikipata maji na vyoo maradhi yataondoka. Mabomba ya Regideso, shirika la maji la taifa, hayafiki kwa kila mtaa, na watoto wanaopanga bidoni zao kwenye chemchemi tangu alfajiri ni ushahidi unaotosha. Kwa kolera, kwa tifoidi na kwa shigela, rai hii haina mshindani, na ningeiona serikali yoyote inayoipuuza kuwa imewadhulumu raia wake.

Ila kwa virusi ni lazima tuseme kweli. Kati ya 2012 na 2016, katika Kakamega, Bungoma na Vihiga, magharibi ya Kenya, zaidi ya wanawake wajawazito 8,000 na watoto wao walifuatwa katika jaribio kubwa, wengine wakipewa klorini ya maji, wengine vyoo bora, wengine vifaa vya kunawia, na wengine vyote kwa pamoja. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kuhara kwa watoto hakukupungua. Jaribio la Zimbabwe lilileta jibu la namna hiyo, ingawa lile la Bangladesh lilionyesha nafuu. Wengine hufasiri kwamba juhudi za nyumba moja moja ni ndogo mno, na kwamba yahitajiwa mabadiliko ya mji mzima. Nami naona tafsiri hiyo ina haki. Hata hivyo mji mzima wenye mabomba, kama tulivyoona kwa Marekani, haukuizuia rotavirusi, kwa kuwa kirusi hiki hupita mkononi mwa anayempenda mtoto. Mabomba ni deni la miongo, na mtoto anayehara leo hana miongo ya kungoja.

Rai ya chanjo

Chanjo ya rotavirusi ni matone ya mdomoni, yanayoanza mtoto atimizapo wiki sita. Rwanda iliianza mwaka 2012, Tanzania 2013, Kenya 2014, Uganda 2018, na Kongo 2019. Wapinzani wake huleta hoja mbili, na zote mbili zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni usalama. Chanjo ya awali kabisa iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1999, ilipobainika kwamba takriban mtoto mmoja katika 10,000 alipatwa na kujikunja kwa utumbo mmoja ndani ya mwingine. Chanjo za sasa ni nyingine, na uchunguzi wa nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, uliochapishwa mwaka 2018, haukuona ongezeko la hatari hiyo.

Hoja ya pili ni udhaifu, nayo ni nzito zaidi. Chanjo inayozuia zaidi ya asilimia 80 ya maradhi makali huko Ulaya ilizuia asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 tu Malawi, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010. Sababu zinazotajwa ni kinga ya mama inayoyapinga matone, utapiamlo, na vijidudu vingine vilivyojaa utumboni. Mtu akiishia hapo atasema kwamba chanjo ya nusu haifai. Lakini jaribio hilo hilo lilihesabu pia maradhi makali yaliyozuiwa kwa kila watoto 100 waliochanjwa kwa mwaka: Malawi yalikuwa 6.7, na Afrika Kusini 4.2. Kwa kuwa maradhi yalikuwa mengi zaidi Malawi, asilimia ndogo ya balaa kubwa iliwaokoa wengi kuliko asilimia kubwa ya balaa dogo, na hesabu hiyo yaifaa Ituri kama ilivyoifaa Malawi. Nchini Rwanda, ndani ya miaka miwili, watoto waliolazwa kwa rotavirusi walipungua kwa asilimia 61 hadi 70. Ipo pia chanjo ya Kihindi iliyojaribiwa Niger, ambayo matokeo yake ya mwaka 2017 yalionyesha kinga ya asilimia 66.7, nayo huvumilia joto, sifa isiyo ndogo kwa mahali pasipo na umeme wa kudumu.

Kasoro ya kweli ya chanjo ni kwamba haizuii norovirusi wala kolera, na haimfikii mtoto ambaye mama yake alikuwa njiani akikimbia wiki ile ya sita. Kwa huyo, Shirika la Afya Duniani limekwisha kutoa nafasi tangu mwaka 2013: aliyechelewa aweza kupewa matone hata kabla ya kutimiza miezi 24, na vituo vinavyowarudisha watoto wa kambi kwa sababu wamepitwa na umri vinawanyima haki yao.

Rai ya chumvi na sukari

Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba sukari na chumvi huingia katika chembe za utumbo kwa mlango mmoja, zikaburuta maji nyuma yake, na mlango huo haufungwi na kolera wala haufungwi wote na rotavirusi. Mwaka 1971, watu wa Bangladesh walipokimbilia Bangaon, Uhindi, na serumu ikaisha, tabibu Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari yaliyogawiwa na jamaa zao wenyewe, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Hali ile, ya kambi, ya mvua na ya vita, yafanana na ya Ituri kiasi cha kumfanya mtu ashangae kwamba jina la Bangaon halifundishwi katika kila kituo cha afya cha jimbo hili.

Dawa hii hupatikana katika pakiti za SRO, yaani chumvi za maji, na pakiti ikikosekana hutengenezwa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Kwa chupa ya lita moja na nusu ni vijiko tisa na robo tatu ya kijiko. Chumvi isizidi, kwani ikizidi hudhuru. Mtoto hupewa kijiko kwa kijiko, na akitapika hungojewa dakika kumi kisha akaanzwa tena polepole. Kunyonya kusisimamishwe, uji usikatazwe, na vidonge vya zinki vitolewe kwa siku 10 hadi 14. Macho yakizama, machozi yakikauka, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, au mtoto akishindwa kunywa, hapo ni hospitali bila kusubiri.

Udhaifu wake lazima ukiriwe: maji haya hayazuii kuhara. Mama huyanywesha, huona kinyesi kikiendelea, akadhani yameshindwa, hali kazi yake ilikuwa kurudisha kilichopotea wala si kuziba kinachotoka. Tena hutaka uvumilivu wa usiku kucha, na muuzaji wa dawa hapati faida kubwa kwayo. Kwa sababu hizo, zaidi ya miaka 50 tangu Bangaon, chini ya nusu ya watoto wanaohara duniani huyapata.

Uzito wa kila rai

Zikipimwa pamoja, rai za meno na za sumu huanguka zenyewe, na rai ya vidonge husalia na sehemu yake ndogo ya haki, yaani damu katika kinyesi. Hofu ya kolera na Ebola ibaki kuwa jicho la mlinzi, isiwe hukumu. Maji safi ni haki isiyojadiliwa, lakini isiwe udhuru wa kutofanya jingine mpaka yatakapofika. Mashindano ya kweli yamo kati ya chanjo na chumvi, nami sioni kwamba ni mashindano: chanjo hupunguza idadi ya watakaougua, na maji ya chumvi na sukari humwokoa aliyekwisha kuugua bila kuuliza kama ni rotavirusi, norovirusi au kolera. Lakini ikilazimu kuchagua kipi kitangulie katika mji ambao barabara zake hufungwa, nasema chumvi na sukari, kwa kuwa ndizo peke yake ziwezazo kukaa ndani ya hema kabla ya ugonjwa kuingia.

Yawezekana, na imekwisha kufanywa. Kati ya 1980 na 1990 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kote Bangladesh, likawafundisha akina mama wa nyumba zaidi ya milioni 12 kuchanganya maji hayo kwa mikono yao wenyewe, na likawalipa walimu hao kwa kadiri akina mama walivyokumbuka somo, wala si kwa idadi ya nyumba walizopita. Zoni za afya za Bunia na Rwampara zinao reko wa mitaani, yaani wahudumu wa afya wa jamii, makanisa na misikiti inayo mikutano ya akina mama, na lugha za kufundishia zipo, Kiswahili, Kilendu, Kihema, Kialuri na nyinginezo. Wakuu wa zoni hizo, walipeni reko wenu kwa maarifa yaliyobaki vichwani mwa akina mama. Wenye maduka ya dawa, tangulizeni pakiti ya SRO na zinki kabla ya Flagyl. Na wewe mzazi unayesoma haya, pima leo vile vijiko sita na ile nusu, ukiwa bado huna mgonjwa nyumbani.